Gegedu kwa Buluu, Mfupa kwa Nyekundu

Niliombwa nizungumzie maendeleo ya elimu ya mifupa, nami nikaomba ruhusa ya kuibana mada. Nitazungumzia jambo moja tu: namna ya kukitia rangi kijusi cha mnyama, awe panya, sungura au kifaranga ambaye hajaanguliwa, hadi gegedu lake lionekane buluu, mfupa uonekane mwekundu, na nyama yote ipitishe mwanga kana kwamba haipo. Chupa zilizo pale mezani zina vijusi vya namna hiyo. Zitapitishwa kwenu baadaye, naomba msizitikise.

Wengi huvutiwa kwanza na uzuri wa vitu hivi, na si ajabu. Mjapani Iori Tomita amejipatia jina kwa kuvitengeneza na kuvionyesha kama kazi ya sanaa. Lakini kazi hii haikubuniwa kwa ajili ya macho. Ilibuniwa kwa sababu mtu anayechunguza kijusi hukutana na swali gumu kila anapoona pengo mahali palipopaswa kuwa na mfupa: je, kipande hiki hakikuumbwa kabisa, au kimeumbwa ila bado hakijawa mfupa? La kwanza ni kilema. La pili huenda likawa ni kuchelewa tu, na wiki mbili baada ya kuzaliwa lisionekane tena. Dawa inayopimwa kwa mnyama mwenye mimba inaweza kuzuiwa au kuruhusiwa kwa kutegemea jibu la swali hilo.

Tuanze na gegedu lenyewe. Gusa sikio lako, au ncha ya pua: ile sehemu inayokunjika na kurudi ndilo gegedu. Mifupa yetu mingi ilianza hivyo. Tumboni mwa mama, mwili huunda kwanza umbo la mfupa kwa gegedu, paja likiwa na kichwa chake na goti lake, dogo lakini kamili. Kisha mishipa ya damu hupenya katikati ya umbo hilo, seli za kujenga mfupa huingia nayo, kalsiamu huanza kuwekwa, na ugumu husambaa kutoka katikati kwenda ncha mbili. Ncha zenyewe hubaki gegedu kwa muda mrefu. Pia ya goti ya mtoto mchanga ni gegedu tupu. Huanza kuwa mfupa akifika miaka mitatu hivi au zaidi. Karibu na kila ncha ya mfupa mrefu hubaki pia bamba jembamba la gegedu, ambalo ndilo hutuongezea kimo hadi ujana uishe nalo lizibe.

Mashabiki wa mpira mnalijua bamba hilo hata kama hamjawahi kulisikia jina. Kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, ambacho FIFA ilianza kukitumia katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 mwaka 2009, kinatafuta bamba la gegedu katika ncha ya mfupa wa kigasha. Likiwa limeziba kabisa, kijana huyo karibu kwa hakika amevuka umri. Serengeti Boys, timu ya vijana ya Tanzania, walikwenda kwenye fainali za Afrika huko Gabon mwaka 2017 baada ya Congo Brazzaville kuondolewa, kwa sababu mchezaji mmoja wa Congo hakufika kupimwa.

Si kila mfupa hupita njia hiyo. Paa la fuvu, mifupa mingi ya uso na sehemu kubwa ya mtulinga hutokea moja kwa moja kwenye utando, bila gegedu kutangulia. Ndiyo maana utosi wa mtoto mchanga unabonyea: pale katikati ya mifupa ya paa bado ni utando, wala si gegedu. Nao papa na taa, kama wavuvi wa pwani wajuavyo, huishi na kufa na gegedu lao, ingawa juu yake hutandazwa madini ya kuliimarisha.

Sasa rangi. Mwaka 1736 daktari wa upasuaji wa London, John Belchier, alialikwa chakula nyumbani kwa mtu mwenye karakana ya kuchapa vitambaa vya pamba. Nyama ilikuwa ya nguruwe (ndugu zangu Waislamu mtaniwia radhi, kisa ndivyo kilivyo), na Belchier akaona mifupa yake ni myekundu. Mwenyeji akamweleza kwamba nguruwe wake hulishwa pumba zilizokwisha kutumika karakanani kuondolea rangi ya ziada kwenye vitambaa. Rangi yenyewe ilitoka kwenye mizizi ya mmea ambao wataalamu huuita Rubia tinctorum. Mgeni mwingine angekula akaaga. Belchier alikwenda kumlisha jogoo mizizi ile, akaona mifupa imegeuka vilevile, akachapisha habari hiyo katika jarida la Royal Society mwaka huohuo.

Mfaransa Henri-Louis Duhamel du Monceau alisoma habari hiyo akaifikisha mbali zaidi. Aliwalisha wanyama mizizi kwa muda, akaacha, akarudia. Alipoikata mifupa yao alikuta tabaka nyekundu na nyeupe zikipishana. Rangi ilikuwa imeshika mfupa uliowekwa katika siku za kulishwa tu. Ule uliokuwapo kabla haukushika, na gegedu halikushika kitu. Baadaye John Hunter, huko London, alitumia njia ileile kuonyesha kwamba mfupa unaokua huongezwa upande mmoja huku ukimeng'enywa upande mwingine. Yaani tangu mwanzo rangi hii ilikuwa ikieleza mfupa ulijengwa lini, si wapi tu, na hilo nawaomba mlishike.

Kiini cha rangi ya mizizi ile kinaitwa alizarini. Mwaka 1868 Wajerumani wawili, Carl Graebe na Carl Liebermann, waligundua namna ya kukitengeneza kutokana na lami ya makaa ya mawe, na mwaka uliofuata ukaanza ushindani wa hati za ugunduzi kati yao na Mwingereza William Perkin. Wakulima wa kusini mwa Ufaransa waliokuwa wakiishi kwa mizizi hiyo walifilisika. Wenye maabara, kwa upande wao, walipata unga safi, wa bei nafuu, wa kiwango kilekile kila chupa.

Lakini mfupa uliotiwa rangi ndani ya nyama hauonekani. Ilibidi nyama ipitishe mwanga. Mwaka 1897 Mjerumani Oskar Schultze alieleza namna ya kukiloweka kijusi katika magadi makali ya potasiamu na kukihamishia kwenye gliserini. Magadi hulainisha protini za nyama na kuondoa rangi yake ya asili. Kazi ya gliserini ni ya mwanga. Mmewahi kuona karatasi iliyofungiwa mandazi: penye mafuta unaweza kuona vidole vyako upande wa pili. Mafuta yamejaza nafasi za hewa kati ya nyuzi za karatasi, na kwa kuwa yanapinda mwanga karibu sawa na nyuzi zenyewe, mwanga unapita bila kutawanyika. Gliserini huifanyia nyama hivyohivyo, kwa kuchukua nafasi ya maji yaliyomo ndani yake. Mwaka 1926 Mmarekani Alden Dawson aliandika kanuni fupi ya kuunganisha mambo haya mawili, alizarini na magadi, na kwa miaka hamsini hivi maabara nyingi hazikuhitaji zaidi.

Halafu ikaja thalidomaidi. Kampuni ya Grünenthal ya Ujerumani Magharibi ilianza kuiuza mwaka 1957 kwa jina la Contergan, dawa ya usingizi iliyosifiwa kuwa haina madhara, nayo ikatumiwa sana na wajawazito wenye kichefuchefu. Iliondolewa sokoni mwishoni mwa Novemba 1961, baada ya Widukind Lenz huko Hamburg na William McBride huko Australia kuihusisha na watoto waliozaliwa bila mikono, au na viganja vilivyoota karibu na bega. Watoto walioathirika duniani walizidi 10,000. Marekani iliponea chupuchupu kwa sababu Frances Kelsey, mkaguzi wa idara ya dawa, alikataa kuidhinisha dawa ambayo wenyewe hawakuleta ushahidi wa kumridhisha.

Kilichowatisha wanasayansi zaidi kilikuja baadaye. Walipoijaribu dawa ileile kwa panya na vipanya wenye mimba, watoto walizaliwa wazima. Kwa sungura wa New Zealand weupe, madhara yakaonekana. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walitambua protini ambayo dawa hiyo huinasa, iitwayo sereblon, na baadaye ikabainika kwamba ya panya inatofautiana kidogo na ya kwetu, kidogo lakini vya kutosha. Kwa kuwa wanyama hutofautiana hivyo, tangu miaka ya sitini serikali zinadai dawa mpya ipimwe kwa wanyama wa aina mbili walio na mimba, mmoja wa jamii ya panya, na wa pili mara nyingi huwa sungura, na mifupa ya vijusi ichunguzwe kimoja kimoja.

Kazi hiyo si ndogo. Mwongozo namba 414 wa OECD (Shirika la Ushirikiano na Maendeleo ya Kiuchumi), ambao viwanda vya kemikali hufuata, unataka mama wapatao 20 katika kila kundi: kundi lisilopewa kitu, na makundi matatu ya dozi tofauti. Kama kila panya ana vijusi 12, na nusu yao hutengwa kwa ajili ya mifupa, mtu mmoja ataketi mbele ya hadubini na viunzi 480. Tena hawangoji mama azae. Vijusi hutolewa siku moja hivi kabla ya uzazi, kwa sababu panya aliyezaa mtoto mwenye kilema huenda akamla, na ushahidi ukaenda naye.

Hapo ndipo alizarini peke yake iliposhindwa. Siku ya 20 ya mimba, kijusi cha panya bado kina gegedu mahali pengi, na gegedu halishiki alizarini. Katika kiunzi kilichotiwa nyekundu tu, pingili ambayo haikuumbwa na pingili ambayo bado ni gegedu zinafanana: pengo na pengo. Mchunguzi aliandika kwamba mfupa haukuonekana, na sentensi hiyo, kwa maoni yangu, haimsaidii mtu yeyote.

Rangi ya buluu nayo ilitoka kwenye vitambaa. Alsiani buluu ilitengenezwa na kampuni ya ICI ya Uingereza mwaka 1947 kwa ajili ya pamba, na mwaka 1950 mtafiti aitwaye Steedman akaonyesha kwamba inashika ute wa mwilini. Molekuli yake ina shaba katikati na chaji chanya pembeni. Gegedu limejaa sukari ndefu zenye salfeti, na salfeti ina chaji hasi. Vikikutana vinashikana, mradi mchanganyiko uwe na asidi kali. Asidi ikiwa hafifu, buluu inashika pia vitu vingine vingi na kiunzi kizima kinakuwa na ukungu wa samawati.

Sasa mmeshaona mgogoro ulipo. Buluu inataka asidi. Nyekundu inataka kalsiamu, na asidi huyeyusha kalsiamu. Ukikiacha kijusi kwenye buluu muda mrefu ili gegedu likolee, unaondoa kidogo kidogo kile ambacho nyekundu ingekuja kukishika kesho yake. Na sehemu inayopotea kwanza ni ile yenye kalsiamu kidogo, yaani mfupa mchanga kabisa, ulioanza kuwekwa jana au juzi. Hiyo ndiyo sehemu uliyokuwa ukiitafuta. Basi kiunzi kilichokaa sana kwenye asidi kinadanganya kwa namna mbaya kuliko zote: kinaonyesha ucheleweshaji ambao dawa haikuusababisha.

Mwaka 1976 Mjapani Minoru Inouye alichapisha kanuni ya vijusi vya vipanya ambayo maabara nyingi bado zinaifuata kwa marekebisho madogo. Kijusi kilichokwisha kuuawa huchunwa ngozi na kutolewa matumbo. Hulowekwa katika ethanoli kali siku kadhaa, kisha katika asetoni ili mafuta yatoke, maana mafuta hushika rangi ovyo. Buluu hufuata, katika mchanganyiko wa sehemu nne za ethanoli na moja ya asidi ya asetiki, asidi ileile iliyomo kwenye siki ila hii haikuchanganywa na maji. Mimi huwaambia wanafunzi usiku mmoja, au siku moja kwa kijusi kikubwa, na asubuhi saa mbili mtu awe maabara akiwa na ethanoli mpya mkononi, si saa nne baada ya chai. Baada ya kuosha, magadi ya asilimia moja, halafu alizarini iliyochanganywa humohumo kwenye magadi hadi yawe ya zambarau. Hatimaye gliserini, asilimia 20, 50, 80, na mwisho safi.

Magadi nayo yana hila zake. Yakipungua, nyama inabaki na ukungu wa manjano. Yakizidi, mbavu zinaachana na uti wa mgongo, na utakuta vidole vimelala chini ya chupa kama nilivyoona mara kadhaa Jumatatu, baada ya mtu kudhani wikendi ni siku moja. Kwa samaki na viumbe vigumu zaidi, William Ralph Taylor wa makumbusho ya Smithsonian alionyesha mwaka 1967 kwamba kimeng'enya cha tripsini kinaweza kula nyama na kukiacha kiunzi kimeshikana, na watafiti Dingerkus na Uhler wakaiunganisha njia hiyo na buluu mwaka 1977. Mgogoro wa asidi ulipata suluhisho kwa viumbe wadogo mwaka 2007, pale watafiti Walker na Kimmel walipoondoa asidi kabisa na kutumia chumvi ya magnesi kuizuia buluu isishike ovyo. Kwa samaki mchanga wa milimita chache inafaa sana. Kijusi cha sungura ni kinene mno kwa njia hiyo.

Naomba chupa ya pili kutoka kushoto iwekwe chini ya kamera. Huyu ni panya wa siku ya 20. Tazameni mkono wa mbele: katikati ya kila mfupa mrefu ni nyekundu, ncha zote mbili ni buluu, na kifundo chote cha mkono ni buluu tupu, kokoto ndogo ndogo ambazo hakuna hata moja iliyopata kalsiamu. Mtulinga ni mwekundu mwanzo hadi mwisho, kama tulivyotarajia. Mbavu ni nyekundu, na pale zinapokaribia kidari zinageuka buluu ghafla. Zihesabuni: jozi 13, ndiyo kawaida yake. Panya wengine huwa na kipande cha ubavu wa 14, hata katika kundi lisilopewa dawa, na ubishi juu ya maana yake haujakoma. Teremkeni sasa kwenye kidari. Kina vipande sita vilivyopangana. Cha kwanza hadi cha nne ni vyekundu. Cha sita chekundu. Cha tano hakina nyekundu.

Kwa alizarini pekee, tungeandika kwamba kipande cha tano hakipo. Lakini tazameni tena: gegedu lipo, buluu safi, la ukubwa na umbo linalotakiwa, limekaa mahali pake. Kipande hicho ndicho kinachochelewa mara nyingi kwa panya. Mama yake akipungua uzito kwa kukosa hamu ya kula, kinachelewa zaidi. Hapo huna kilema. Una mama aliyedhoofika, na hilo ni jambo la kuandikwa kwa jina lake. Lakini laiti gegedu lenyewe lingekuwa limepasuka katikati, au nusu zake mbili zimekaa moja juu na moja chini, kalsiamu isingelinyoosha, na ripoti ingesema mengine.

Jambo moja huwaponyoka hata wazoefu. Nyekundu ni kalsiamu. Si lazima iwe mfupa. Mwaka 1997 timu ya Toshihisa Komori, Japani, ilitengeneza vipanya wasio na jeni iitwayo Runx2. Walizaliwa, wakashindwa kupumua, wakafa. Walipotiwa rangi mbili, kiunzi kilikuwa karibu chote buluu, kila kitu kimeumbwa na hakuna kilichokuwa mfupa. Na bado palikuwa na nyekundu kidogo katika baadhi ya mifupa ya miguu na mikono. Ilikuwa gegedu lililopata madini, bila seli hata moja ya kujenga mfupa, na lilijulikana kwa kukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Binadamu mwenye nakala moja mbovu ya jeni hiyo huishi, lakini mara nyingi mitulinga yake ni mifupi au haipo, na utosi wake huchelewa mno kuziba. Baadhi yao wanaweza kuyakutanisha mabega mbele ya kifua.

Wapo watakaouliza juu ya wanyama wenyewe, nao wana haki. Vipimo vya seli na vya samaki wachanga vimepunguza idadi, na vitaipunguza zaidi, ila havijachukua nafasi yote. Msimamo wangu ni huu: mnyama akishauawa kwa ajili ya kipimo, asiyefanya kipimo hicho sawasawa amemuua bure. Ninaona aibu ninaposoma ripoti ya miaka ya karibuni iliyotumia mamia ya vijusi na rangi moja, huku mwongozo wa OECD wenyewe ukipendelea gegedu na mfupa vyote vitazamwe.

Mtasikia pia kwamba mashine za CT ndogo zimekuja kuondoa chupa hizi. Zinasoma mfupa vizuri, kwa haraka, na picha yake huzungushwa kwenye kompyuta. Lakini eksirei hazilioni gegedu vya kutosha bila kulipaka dawa ya kulionyesha, kwa hiyo swali la kipande cha tano linabaki palepale.

Kwa walimu wa sekondari na vyuo mlioniuliza kabla hatujaanza: ndiyo, mnaweza kuanza bila panya. Chukueni mayai ya kuku yaliyolaliwa au yaliyokaa kwenye mashine ya kutotolea siku 10 hadi 12. Mfupa wa paja na wa muundi huwa umeanza kuwa mwekundu katikati. Ethanoli kali mnaweza kuipata. Asidi ya asetiki isiyo na maji ishikwe na mwalimu, mlangoni penye hewa. Magadi ya potasiamu yanababua ngozi na kupofusha jicho, basi miwani na glavu si mapambo. Msimwage chochote kwenye sinki linalokwenda mtaroni, maana buluu ina shaba. Katika chupa ya mwisho wekeni chembe ya thaimoli ili ukungu usiote, na kama hamkuipata, badilisheni gliserini mara tu mnapoona utando juu yake.